Picha za droni zinavyofika kwenye kompyuta papo hapo

NDEGE ndogo isiyo na rubani, ambayo wengi sasa huiita droni, kwa kawaida haipeleki picha zake moja kwa moja kwenye kompyuta. Huzituma kwa mawimbi ya redio, aghalabu ya gigahezi 2.4 au 5.8, hadi kwenye rimoti iliyo mikononi mwa mwongozaji. Kutoka hapo picha huhitaji njia nyingine.

Njia iliyo imara zaidi ni waya. Baadhi ya rimoti, mfano RC Pro ya kampuni ya DJI ya Shenzhen, China, zina tundu la HDMI, ingawa ni dogo kuliko lile la televisheni. Hapo ndipo wengi hukwama, kwani tundu la HDMI la kompyuta nyingi hutoa picha, halipokei. Katikati lazima kiwepo kifaa kidogo cha kunasa picha, kinachopokea HDMI upande mmoja na kuchomekwa kwenye USB upande wa pili. Kompyuta hukitambua kama kamera ya kawaida, na programu ya bure ya OBS Studio huweza kuonyesha picha hizo, kuzirekodi au kuzirusha kwenye intaneti.

Njia ya pili haina waya. Programu ya simu ya DJI Fly ina sehemu ya kurusha matangazo kwa RTMP, utaratibu ulioasisiwa na kampuni ya Macromedia kwa ajili ya Flash. Flash yenyewe ilizikwa mwishoni mwa mwaka 2020. RTMP ingali hai. Kompyuta huwekewa programu ya seva, kama MediaMTX, inayosubiri picha kwenye mlango namba 1935, kisha anwani yake huandikwa ndani ya DJI Fly. Simu na kompyuta zikiwa katika Wi-Fi moja, picha hazili kifurushi. Zikipitia mtandao wa simu hesabu hubadilika: megabiti 5 kwa sekunde ni takriban gigabaiti 2.25 kwa saa moja.

Lililo zito zaidi ni kuchelewa kwa picha. Kati ya droni na rimoti hupotea sehemu ndogo tu ya sekunde. RTMP huweza kuongeza sekunde kadhaa, kwa kuwa picha hubanwa, husafirishwa, hulimbikizwa kidogo, ndipo hufunguliwa. Droni iendayo mita 10 kwa sekunde, picha ikichelewa sekunde 3, itakuwa mita 30 mbele ya pale inapoonekana. Umbali huo unatosha kabisa kugonga nguzo ya umeme ambayo anayetazama kompyuta bado hajaiona.

Kwa sababu hiyo mwongozaji huitazama droni yenyewe na skrini ya rimoti, kamwe si kompyuta. Aliye kwenye kompyuta, hata awe mkuu wa kikosi kinachotafuta manusura wa mafuriko, ni mtazamaji. Akimwambia mwongozaji "simama hapo hapo", amekwisha kuchelewa. Aseme "rudi kwenye paa jekundu kando ya daraja".