Nguvu za Kukopa

Moyo wa zambarau haukuwa moyo, wala haukuwa wa zambarau. Kilikuwa kidonge cha buluu chenye pembe tatu, jina lake la dukani Drinamyl, na ndani yake amfetamini ya kuchangamsha ilichanganywa na dawa ya kutuliza. Vijana wa Soho, London, walikimeza ili wacheze dansi hadi alfajiri. Lakini kabla yao walikuwapo mama zao, walioandikiwa kidonge hicho na daktari wa mtaa kwa uchovu, unene au majonzi, chini ya huduma ya afya ya serikali iliyoanza mwaka 1948.

Amfetamini yenyewe ni ya zamani. Mkemia Lazăr Edeleanu aliitengeneza Berlin mwaka 1887, ikasahaulika, hadi mwaka 1929 mkemia Gordon Alles alipodungwa huko California ili aone itamfanyaje. Moyo ulimwenda mbio, akachangamka, na usiku ule usingizi ukamkataa. Madhara makubwa yalijionyesha tangu siku ya kwanza.

Kwa waliomeza miaka nenda rudi, mwili ulilipa: hamu ya chakula ilikwisha, uzito ukashuka, shinikizo la damu likapanda. Akili nayo haikusalimika. Mwaka 1958 daktari Philip Connell, wa hospitali ya Maudsley, aliandika habari za wagonjwa 42 waliosikia sauti na kuamini kwamba wanafuatwa. Wengi wangeweza kudhaniwa wana skizofrenia, kumbe dawa ilipotoka mwilini shaka zile kwa kawaida ziliyeyuka ndani ya siku chache.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ngumu ya kuiacha. Aliyeacha hakutapika wala kutetemeka kama mtumiaji wa afyuni, kwa hiyo madaktari wengi walishikilia kwamba mwili haukuitegemea dawa hii. Alilala tu, akala kwa pupa, akakaa wiki nzima hana hamu ya lolote. (Aliyewahi kukesha na miraa hahitaji kuelezwa, stimu ikikatika, kesho yake inajulikana.) Ubaya ni kwamba uchovu huo ulifanana kabisa na ule uliompeleka kwa daktari mara ya kwanza, na daktari akauona ni ugonjwa uleule umerudi. Akachukua kalamu, akaandika tena.

Mwaka 1963 watafiti Ian Oswald na mwenzake Thacore, Edinburgh, waliwabandika wagonjwa wa namna hiyo nyaya kichwani na kupima usingizi wao. Walioachishwa dawa walitumbukia haraka mno katika usingizi wa ndoto, kwa kiasi kisicho cha kawaida, na hali hiyo ilichukua wiki kadhaa kutulia, ishara kwamba mwili ulikuwa ukiitegemea dawa.

Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza lilipitisha sheria, nayo ikamlenga kijana aliyekutwa na vidonge bila cheti cha daktari. Kalamu ya daktari haikuguswa. Mwishoni mwa muongo huo, madaktari wa mji wa Ipswich walikubaliana wenyewe, bila kushurutishwa na sheria, kuacha kuandika amfetamini.