Daftari la jamaa wa posta

Manze, Februari mwenye ploti alinigongea mlango saa kumi na mbili asubuhi akidai kodi ya nyumba. Si eti sikuwa nimefanya kazi. Nilikuwa nimefanyia duka moja la viatu video tatu, nikalipwa mbili, ya tatu nikasahau kudai. Nilipokumbuka ilikuwa imepita miezi mitatu. Nikaulizwa, "Video gani hiyo?" Sikuwa nimeandika popote.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kumhusu Anthony Trollope, Mwingereza aliyezaliwa 1815. Aliajiriwa posta 1834, na yale masanduku ya barua ya kusimama barabarani yalianza Uingereza kwa pendekezo lake. Riwaya aliandika pembeni, vile wengi wetu hurekodi baada ya kazi. Ziko 47.

Hakungoja mudi. Saa kumi na moja na nusu asubuhi alikuwa mezani, saa mbele yake, maneno 250 kila dakika 15. Nusu saa ya kwanza alisoma ya jana. Ukweli usemwe: kulikuwa na mtumishi wa farasi aliyelipwa pauni 5 zaidi kwa mwaka kumwamsha na kumletea kahawa. Sifa tunampa Trollope, lakini aliyeamka kwanza ni huyo jamaa. Mimi nina alamu, na kidole cha kuizima.

Kilichonishika zaidi ni daftari. Kabla ya kuanza kitabu alichora wiki zote alizojipa, halafu kila siku anaandika idadi ya kurasa. Kawaida ilikuwa kama 40 kwa wiki, wakati mwingine 20, kuna wiki ilifika 112. Siku ya uvivu ilibaki hapo ikimkodolea macho.

Pesa pia aliandika. La Vendée ya 1850 ilimpa pauni 20 pekee, na hakuificha. Kitabu chake cha maisha, kilichotoka 1883 akiwa ashafariki, kina orodha ya kila riwaya na malipo yake: jumla pauni 68,939, shilingi 17 na peni 5. Wasomaji wengi walikasirika. Eti msanii gani anahesabu peni? Jina lake likashuka kwa miaka.

Hapo ndipo mimi na hao wasomaji tunaachana. Mtu aliacha posta 1867, miaka kabla ya pensheni, akaikosa. Angefanya hivyo aje kama hakujua kalamu yake huingiza ngapi?

Sisi tunadhani simu inatuwekea hesabu. M-Pesa, tangu 2007, inakuonyesha pesa iliyoingia. Ile haijaingia haina habari nayo. Na tangu Sheria ya Fedha ya 2023, asilimia 5 ya malipo ya kazi za mtandaoni hukatwa juu kwa juu. Usipoandika ulichokubaliana, utajuaje kama iliyopungua ni ushuru ama umechezwa?

Basi nimenunua kaunta buku. Upande mmoja kazi na tarehe ya kuituma, upande mwingine bei, siku ya kudai, siku ya kulipwa. Wiki hii Jumanne iko tupu, nililala. Ile video ya viatu nimeiandika mstari wa kwanza kabisa, na safu ya mwisho bado haina kitu.