Kwa Baiskeli Hadi Ngome ya Mkama Ndume

Anayekodi baiskeli Chake Chake, kisiwani Pemba, na kushika njia ya kusini-mashariki hupita mikarafuu na mabonde ya mpunga mpaka Pujini, kama kilomita 10.

Hapo pana magofu ya ngome ya karne ya 15 ya Mkama Ndume, mtawala anayekumbukwa kwa ukatili: husimuliwa kwamba aliwabebesha watu mawe wakijikokota kwa makalio. Kisima chake kinastahili kutazamwa bila haraka. Yasemekana kiligawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wasionane. Mmoja akishuka ngazi, mwenzake akiteka kwa ndoo na kamba.

Waakiolojia walikuta pia chumba cha chini ya ardhi, na ukutani umbo la siwa, baragumu la enzi, lililofinyangwa kwa lipu.