Mizani ya Pamba na Kalamu ya Sheria: Paul na Mark Bomani wa Mwanza

Historia ya uhuru wa nchi yetu husimuliwa mara nyingi kana kwamba yote yalitendeka Dar es Salaam. Makala haya yanakusudia kuyaelekeza macho ya msomaji upande wa Ziwa Viktoria, kwa ndugu wawili wa nyumba moja ya mhubiri wa Kiadventista: Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925, na mdogo wake Mark, aliyezaliwa mwaka 1932. Mmoja alikuwa mwanaushirika, waziri na balozi. Mwingine alikuwa mwanasheria, na baadaye mpatanishi. Kwa pamoja maisha yao yanatuuliza swali ambalo nabii Amosi aliwauliza wafanyabiashara wa siku zake: ni nani anayeisimamia mizani?

Katika miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, mkulima wa Usukuma aliifikisha pamba yake gulioni, akapimiwa, akaambiwa uzito asioweza kuuhakiki. Si kila mnunuzi alikuwa mwizi, wala haifai kulitwika kosa hilo kabila au taifa lolote. Lakini mwenye mizani, mwenye kitabu na mwenye fedha alikuwa mtu yule yule. Wakulima walianza kuchanga fedha na kuwaweka makarani wao wenyewe waupime mzigo kabla haujafika kwa mnunuzi. Kutokana na jambo hili dogo vilizaliwa vyama vya msingi vya ushirika. Paul Bomani, aliyekuwa amefanya kazi ya ukarani katika mgodi wa almasi wa Mwadui kabla ya kuhamia Mwanza, ndiye aliyeviunganisha. Alikwenda kusomea mambo ya ushirika huko Loughborough, Uingereza, na mwaka 1955 akawa meneja mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria. Ilipokaribia 1960, shirikisho hilo lilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya wakulima barani Afrika, lenye viwanda vyake vya kuchambulia pamba.

Tusisahau kwamba hayo yalifanyika wakati serikali ya kikoloni ilikuwa imeikataza TANU kufungua matawi Usukumani, tangu 1954 hadi 1958. Ushirika ulikuwa shule ya siasa pale ambapo siasa yenyewe ilikuwa imefungiwa mlango.

Baada ya uhuru Paul alishika Wizara ya Fedha. Kisha likaja jambo ambalo, kwa maoni yangu, linafundisha kuliko ushindi wake wote. Katika uchaguzi wa Septemba 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, wagombea wawili walishindanishwa karibu kila jimbo kwa alama za jembe na nyumba. Waziri wa Fedha, mwana wa Mwanza, alishindwa huko huko Mwanza. Mwalimu Nyerere alimteua kuwa mbunge na kumpa wizara ya mipango ya uchumi, lakini sauti ya wapiga kura ilikuwa imekwisha kusikika. Mwaka uliofuata Kamati Maalum ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika na kukutana na malalamiko ya wakulima juu ya makato na uongozi. Karani wa mizani aliyekuwa wa mkulima alikuwa amegeuka kuwa karani wa ofisi. Je, kosa lilikuwa la Bomani? Kwa sehemu tu. Chombo kinapokuwa kikubwa kuliko macho ya wale wanaokimiliki, hata mwenye nia njema huwa mbali.

Kuanzia 1972 hadi 1983 Paul alikuwa balozi wetu Washington, wakati wa marais wanne wa Marekani. Ni miaka ya mapambano ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika, na ya vita vya Kagera. Tangu 1993 hadi kifo chake mwaka 2005 alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mark alishika kalamu. Mwaka 1965 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, akadumu hadi 1976. Katika kipindi chake ilitungwa Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo kila mchungaji anaifahamu: ilizileta ndoa za Kikristo, za Kiislamu na za kimila chini ya sheria moja, ikalinda ndoa ya mke mmoja iliyofungwa kanisani maadamu wote wawili wanaendelea kuwa Wakristo, na kuwataka wenye mgogoro wapite kwanza katika baraza la usuluhishi. Iliruhusu pia binti wa miaka 15 kuolewa. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilikataa kifungu hicho. Tena alilitumikia dola lililokuwa na sheria ya mwaka 1962 ya kumweka mtu kizuizini pasipo mahakama. Haki za raia hazikuingizwa katika Katiba hadi 1984. Mwanahistoria mwaminifu hawezi kulipita hili kimya, hata anapomheshimu mtu.

Mwaka ule ule wa 1976 alipoondoka, serikali iliivunja miungano ya ushirika, pamoja na ile iliyotokana na kazi ya kaka yake.

Baadaye Mark alikuwa mshauri wa sheria wa Umoja wa Mataifa katika suala la Namibia, kisha msaidizi wa Mwalimu, na baada ya 1999 wa Nelson Mandela, katika mazungumzo ya Burundi yaliyozaa Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000. Mwishoni mwa 2007 Rais Kikwete alimpa kamati ya kuchunguza sekta ya madini. Wakati huo dhahabu ya Geita na Bulyanhulu ilikuwa ikisafirishwa nje, na wananchi wa Kanda ya Ziwa walikuwa wakiuliza ni kiasi gani hasa kinachoondoka. Sheria ya Madini ya 2010, iliyofuata taarifa yake, ilipandisha mrahaba wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4, na kutaka ukokotolewe kwa thamani yote ya madini, kabla ya gharama za kampuni kuondolewa. Mark Bomani alifariki Septemba 2020.