Uzima wa Umbo

Neno uzima katika Kiswahili lina maana mbili zinazokaa pamoja: hali ya kitu kutopungukiwa na sehemu yake, na hali ya kiumbe kuwa hai. Christopher Alexander, mwanahisabati na mjenzi aliyezaliwa Vienna mwaka 1936, alitumia sehemu kubwa ya umri wake kushikilia kuwa mambo hayo mawili ni moja.

Baada ya masomo ya Cambridge na Harvard, alianza kufundisha Berkeley, California, mwaka 1963. Alilinganisha majani ya miti na mazulia ya Kituruki, viumbe na majengo, akapata sifa 15 za umbo, alizozieleza katika mabuku manne ya The Nature of Order. Kitu kizima kina viini, na viini vidogo huvitia nguvu vikubwa, kama vishipa vya jani vinavyoutegemeza mshipa mkuu. Mpaka wake hutenga na papo hapo huunganisha. Nafasi iliyo baina ya vitu nayo ina umbo lake, wala si masalio. Hata kutolingana kidogo kuna kazi: mfumaji afikapo pembeni mwa zulia hulegeza hesabu ya nakshi ili zulia lote lipate kutulia.

Mwaka 1982, huko Harvard, Peter Eisenman alimpinga hadharani. Alidai kuwa ujenzi hauna budi kuonyesha pia wasiwasi wa zama zake. Alexander alijibu kuwa wasiwasi umekwisha kuwa mwingi duniani. Hapana haja ya kuuzidisha kwa kuta.

Jibu lake la vitendo lilikuwa shule ya Eishin, karibu na Tokyo, iliyofunguliwa mwaka 1985. Kwanza walimu na wanafunzi waliulizwa ni shule ya namna gani waitakayo. Kisha bendera zilisimikwa juu ya ardhi yenyewe, zikahamishwa hata kila jengo likapata mahali palipolifaa.

Alexander alifariki mwaka 2022, na hoja yake ingali na udhaifu: hapana mizani ya kupimia uzima ila jicho na moyo wa mtazamaji. Lakini uzito wake haupuuziki. Ikiwa uzuri ni hiari ya mjenzi tu, mkaaji hana la kudai. Ikiwa uzima ni kweli iliyomo katika umbo, basi ajengaye nyumba iliyokufa amemdhulumu atakayeishi humo.