Dawa ya choa ilipita kwanza kwenye saladi

Wandugu, sisi ma-agronome tunajua ukungu kama adui wa mazao. Lakini historia ya griseofulvini, dawa ya kumeza ya kutibu choa, inatuhusu pia, juu ilipita shambani mbele ya kufika hospitali.

Mwaka 1939, kule London, Harold Raistrick na wenzake waliitoa ndani ya ukungu mmoja, Penicillium griseofulvum. Ikalala. Kisha P. W. Brian na kundi lake wakachunguza udongo wa Wareham, Uingereza, pahali miti ilikuwa inakataa kukomaa. Mwaka 1946 wakapata kitu chenye kupindisha nyuzi za ukungu. Mwaka uliofuata ikajulikana ni griseofulvini ileile. Wakaona mizizi ya saladi inaivuta, inaipandisha mpaka kwenye majani, na ukungu wa kijivu unashindwa.

Mwaka 1958, J. C. Gentles wa Glasgow akaipatia simbilisi wenye choa. Wakapona. Dawa inaingia ndani ya ngozi, nywele na kucha zinazoota, basi inadai muda: wiki nyingi kwa choa ya kichwa, na kwa kucha za miguu inaweza kufika mwaka mzima.

Na hapa njo kuna shida. Wagonjwa wengine ngozi yao inaanza kukataa jua: inawaka, inawasha, inatoka vipele usoni, shingoni, mikononi. Vorikonazoli, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2002, imeokoa watu wenye ukungu wa mapafu, lakini kwa walioimeza muda mrefu jua limeumiza ngozi zaidi, na wengine wamepata kansa ya ngozi.

Ku ngozi nyeusi wekundu hauonekani mbio. Mtu anaona tu madoa meusi na kuwashwa, anafikiri ni choa inarudi, anaongeza vidonge. Ao anaacha dawa katikati na choa inabaki.

Mimi naona kazi yetu iko hapa. Tunamwambia mkulima asubiri siku ngapi kisha kupulizia nyanya. Munganga hamkuti saa sita shambani, sisi tunamkuta. Kama anameza dawa ya ukungu na ngozi inawaka, tumwambie avae kofia na mikono mirefu, asiache dawa yeye mwenyewe, arudie kwa munganga na kumwonyesha vile vidonge.