Ada ya Patrisi na Shule ya Siku Mbili



Yapata mwaka 370, katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo huitwa Souk Ahras nchini Algeria, mzee mmoja kwa jina Patrisi aliishiwa ada. Mwanawe alikuwa amekwisha kusoma katika mji jirani wa Madaura, sasa ilitakiwa aende Karthago akajifunze balagha, yaani ufundi wa kusema na kushawishi, lakini mkoba ulikuwa mtupu. Basi kijana wa miaka 16 akarudi kukaa nyumbani mwaka mzima huku baba akichangachanga fedha. Kijana huyo ndiye Mtakatifu Agostino, naye ametusimulia habari hizi katika kitabu cha pili cha Maungamo yake. Katika mwaka ule wa kukaa bila kazi ndipo alipoiba mapeari ya jirani pamoja na vijana wenzake, wizi ambao ameuandikia kurasa nyingi kuliko majambazi wengi walivyoandikiwa. Patrisi alifariki muda mfupi baadaye. Monika mama yake, pamoja na tajiri mmoja wa mji aitwaye Romaniano, ndio waliofanya kijana aendelee na masomo.

Tunakileta kisa hiki kwa sababu ya swali linaloulizwa na familia za watu wetu waishio Marekani, hasa Texas. Wamesikia kwamba kuna shule binafsi ambazo mtoto huhudhuria siku mbili au tatu tu kwa juma, na siku zilizobaki husoma nyumbani mbele ya mzazi, kwa kazi aliyopangiwa na mwalimu. Tena shule hizo hujiita za kiklasiki: hufundisha Kilatini, mantiki na balagha. Wazazi wanauliza: je, hii ni shule kweli, au ni ujanja wa kulipwa ada kwa nusu ya kazi? Sisi tunaona kwamba swali hili haliwezi kujibiwa vema pasipo kutazama nyuma.

Tuanze na neno lenyewe. Wazee wa Roma walirithi kutoka kwa Wayunani masomo ambayo baadaye yalihesabiwa kuwa saba. Matatu yalihusu lugha: sarufi, mantiki na balagha. Manne yalihusu hesabu: hesabu yenyewe, jiometri, muziki na elimu ya nyota. Yale matatu yaliitwa njia tatu, na yale manne njia nne. Ufalme wa Roma wa magharibi ulipoanguka, watawa na maaskofu ndio waliobaki na vitabu. Mwaka 789 Mfalme Karoli Mkuu, ambaye kwa mambo ya elimu alimtegemea Alkuini wa York, aliagiza shule zifunguliwe penye monasteri na makao ya maaskofu, ili watoto wafundishwe zaburi, nyimbo, hesabu na sarufi.

Lakini amri tunayoipenda zaidi ni ya mwaka 1179. Mtaguso wa Tatu wa Laterano, chini ya Papa Aleksanda III, uliagiza katika kanuni yake ya 18 kwamba kila kanisa la kiaskofu limtengee mwalimu riziki ya kumtosha, ili awafundishe bure makleri wa kanisa hilo na wanafunzi maskini, kusudi fukara wasionyimwe nafasi ya kujifunza kwa kuwa wazazi wao hawana mali. Tena ikakatazwa kabisa kudai malipo kwa kutoa kibali cha kufundisha. Msomaji aishike amri hii moyoni, maana tutairudia.

Sasa turuke karne nyingi hadi Oxford, mwaka 1947. Bibi Dorothy L. Sayers, mwandishi wa hadithi za upelelezi, ambaye wakati huo alikuwa akimtafsiri Dante, alisoma hotuba aliyoiita Zana za Kujifunza Zilizopotea. Alilalamika kwamba shule za siku zake ziliwapa watoto masomo mengi bila kuwafundisha namna ya kufikiri, hata wakawa mawindo ya magazeti na matangazo. Akapendekeza zile njia tatu zirudi, na akazifananisha na ngazi za umri. Mtoto mdogo hupenda kukariri, basi apewe sarufi. Aliyefikia umri wa kubishana apewe mantiki, na kijana anayetaka kujieleza apewe balagha.

Hapa tuseme kweli. Mpango huo wa umri ni wa Bibi Sayers, si wa Karne za Kati. Mwalimu wa Paris wa karne ya 13 asingeutambua. Yeye binafsi hakutazamia kwamba ushauri wake ungefuatwa. Hata hivyo alikuwa na ushahidi wa aina yake. Baba yake, kasisi wa Kianglikana, alianza kumfundisha Kilatini akiwa bado mtoto mdogo, naye alisomea nyumbani mpaka mwaka 1909, alipopelekwa shule ya bweni akiwa na miaka 15.

Mbegu hiyo ilichipuka ng'ambo ya bahari. Mwaka 1981 katika mji wa Moscow, jimbo la Idaho, ilifunguliwa shule ya Logos iliyofuata hotuba ya Sayers. Mwaka 1991 Douglas Wilson, mmoja wa waanzilishi wake, aliandika kitabu kilichoieneza fikra hiyo kati ya Waprotestanti, na baadaye shule za Kikatoliki nazo zikaanza kurudi kwenye mizizi ambayo kwa kweli ilikuwa yao. Miaka miwili baada ya kitabu hicho, mwaka 1993, katika mji wa Arlington, Texas, ilianzishwa Grace Preparatory Academy, shule iliyochukua ratiba ya chuo kikuu na kuwapa watoto: siku chache darasani, siku nyingine nyumbani. Si kila shule ya nusu juma ni ya kiklasiki, wala si kila ya kiklasiki ni ya nusu juma, lakini mikondo hii miwili ilikutana mapema na kuchanganyika.

Kwa nini Arlington? Huenda ni sadfa, ila ni sadfa yenye mafundisho. Mji huohuo ndio uliotoa jina la kesi ya Leeper dhidi ya wilaya ya shule ya Arlington. Wazazi waliowafundisha watoto wao nyumbani walikuwa wakishitakiwa kwa utoro wa watoto. Mwaka 1985 wakaenda mahakamani, na mwaka 1994 Mahakama Kuu ya Texas ikathibitisha kwamba nyumba inayofundisha kwa dhati inahesabiwa kuwa shule binafsi, mradi ifuate mtaala wa kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Mzazi wa Texas anayeketi na mwanawe mezani siku ya Jumanne hafanyi jambo la kuficha.

Nasi Wakatoliki tuna sehemu yetu katika uhuru huo. Mwaka 1922 wapiga kura wa Oregon walipitisha sheria iliyowalazimisha karibu watoto wote wa miaka 8 hadi 16 kwenda shule za serikali. Kundi la Ku Klux Klan, lililowachukia Wakatoliki kama lilivyowachukia watu weusi, liliiunga mkono kwa nguvu. Masista wa Majina Matakatifu ya Yesu na Maria, waliokuwa na shule huko, walikwenda mahakamani. Tarehe 1 Juni 1925 Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta sheria ile kwa kauli moja na kutamka kwamba mtoto si kiumbe cha serikali tu, bali wanaomlea wana haki na wajibu wa kumwandaa. Papa Pio XI aliitaja hukumu hiyo kwa sifa katika waraka wake juu ya malezi ya Kikristo wa tarehe 31 Desemba 1929. Si mara nyingi waraka wa Papa unanukuu mahakama ya dunia!

Kuna jambo jingine ambalo mzazi Mwafrika hawezi kulipita kimya. Huyo Wilson tuliyemtaja aliandika mwaka 1996, pamoja na mchungaji mwenzake, kijitabu kilichodai kwamba utumwa wa majimbo ya Kusini haukuwa wa kikatili kama inavyosemwa. Wanahistoria walikipinga vikali, nao walikuwa na haki. Je, hii ina maana kwamba Kilatini na balagha ni mali ya watu wa namna hiyo? La hasha. Frederick Douglass, angali mtumwa wa miaka kama 12 huko Baltimore, alinunua kwa senti 50 kitabu cha kufundishia usemaji, na hotuba zake zilizotikisa utumwa zilianzia humo. Anna Julia Cooper, aliyezaliwa mtumwani mwaka 1858, alifundisha Kilatini huko Washington, akawa mkuu wa shule ya M Street, na mwaka 1925 alitetea tasnifu yake ya udaktari huko Paris akiwa na umri wa miaka 66. Agostino mwenyewe alikuwa mwana wa Afrika. Kwa hiyo mzazi aulize orodha ya vitabu, na aulize wazi ni historia gani ya utumwa inayofundishwa hapo. Jibu akilisikia atajua kama mtoto wake ni mwenyeji au mgeni.

Kwetu Afrika Mashariki Kilatini kiliingia kwa mlango mwingine, mlango wa seminari. Laurean Rugambwa alipita Rubya na Katigondo, akapadrishwa mwaka 1943, na mwaka 1960 akawa kardinali. Lakini seminari na shule za bweni za misioni zilimtoa mtoto kwao kabisa. Alirudi likizo akiwa na lugha ambayo mama yake hakuijua. Shule hii ya siku mbili inafanya kinyume: nusu ya masomo inarudishwa sebuleni. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hapa mama anaandikishwa pamoja na mtoto.

Na hapo ndipo ugumu ulipo. Ada ya shule ya siku mbili kwa kawaida ni nafuu kuliko ya shule ya siku tano, na wenye shule hujivunia hilo. Lakini kinachopunguzwa katika fedha kinalipwa kwa saa. Mama anayekesha akihudumia wagonjwa hospitalini usiku, na baba anayeendesha lori kwenda Oklahoma, wataketi lini kusahihisha minyambuliko ya Kilatini? Patrisi alikosa fedha. Wengi wa watu wetu wanakosa siku ya Jumanne. Ile kanuni ya mwaka 1179 haikutazama umaskini wa namna hii, lakini roho yake inauhusu. Shule inayomtaka kila mtoto awe na mtu mzima asiyefanya kazi mchana imekwisha kuchagua wanafunzi wake kabla ya mtihani wa kujiunga, hata kama haijakusudia.

Hatusemi wasiandikishe. Tumeona jinsi nyumba inavyoweza kuwa darasa jema, na ndugu kadhaa wanaweza kugawana siku: shangazi achukue Jumanne, babu achukue Alhamisi, kwa kuwa mtu wa kusimamia kukariri hahitaji kujua Kilatini, anahitaji kujua kusikiliza. Lakini kabla ya kutia sahihi, wenzi waketi na kalenda ya kazi zao mezani, si kipeperushi cha shule peke yake. Wakiuliza shule, waulize kama inakubali msimamizi asiye mzazi, kama kuna siku ambayo mtoto anaweza kukaa shuleni zaidi, na kama upo msaada wa ada kwa wasiojiweza. Shule isiyo na jibu kwa maswali hayo bado haijafika Laterano.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumzia mpango wa masomo wa Wajesuiti wa mwaka 1599, ambao wengi wameuulizia.